Matundu Matatu Hayatoshi: Jinsi Risasi za Kujaza kwa Mkono Zinavyopimwa Shabaha

Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa mwezi Julai, wenyeji wa Tabora huwaona wageni wakipita na masanduku marefu ya bunduki, wakielekea vitalu vya upande wa Sikonge na Kaliua. Wakishafika kambini hawaingii porini moja kwa moja. Kwanza hubandika karatasi kwenye ubao, huweka mifuko ya mchanga juu ya meza, huipiga karatasi ile, huenda kuikagua, kisha hurudi na kupiga tena. Vijana wa kambi wakirudi mjini huja na hadithi mbili zinazozua ubishi kijiweni. Ya kwanza ni kwamba mgeni kamaliza risasi za gharama kwenye karatasi wakati nyama inapita. Ya pili ni kwamba baadhi ya wageni hao hujaza risasi wenyewe, kwa mikono yao, majumbani kwao.

Ongeza hapo picha zinazozunguka kwenye simu: karatasi nyeupe, matundu matatu yaliyogusana, sarafu imewekwa juu ikayafunika yote, na chini yake maneno ya kujisifu. Anayeiona picha hiyo huuliza swali la haki kabisa. Kama bunduki inapiga hivyo, mwenye nayo anamkosaje mnyama mkubwa aliyesimama mita 80? Tena, kama risasi ya kiwandani ipo dukani, kuna haja gani ya mtu kukaa usiku kucha akipima baruti?

Majibu yapo, na hayahitaji mtu awe mwanajeshi. Ila ni lazima tuanze na vitu vyenyewe.

Kilichomo ndani ya risasi

Risasi nzima ya raifo ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba. Nyuma ya ganda kuna fataki, kidude kidogo kinachotoa cheche kikigongwa na pini ya bunduki. Ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kuna kichwa, ambacho kwa kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba. Ukivuta triga, pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi, na gesi inakisukuma kichwa kwenye mtutu. Ganda linabaki ndani ya bunduki hadi litolewe.

Ganda hilo lililobaki ndilo linalofanya kazi yote ya kujaza kwa mkono iwezekane. Halijafa. Limetanuka kidogo tu na fataki yake imekwisha. Mjazaji analisafisha, analibana kwa mashine ya mkono lirudi kwenye umbo lake, anatoa fataki iliyokufa na kuweka mpya, anapima baruti kwenye mizani, anaimimina, kisha anakisindika kichwa kwenye mdomo wa ganda kwa kina alichokiamua. Mizani yenyewe ni ya kipimo kinachoitwa greni. Greni 7,000 ndizo zinazofanya ratili moja, kwa hiyo greni moja ni kama gramu 0.065. Raifo ya kawaida ya kuwindia, kwa mfano .30-06, hubeba baruti ya gramu tatu na ushee tu, na mjazaji makini hupima hadi sehemu ya kumi ya greni.

Jambo hili ni la kawaida sana Marekani, Afrika Kusini na sehemu kadhaa za Ulaya. Viwanda vya baruti na vya vichwa huchapisha majedwali yanayoonyesha kiasi cha kuanzia na kiasi kisichovukwa kwa kila aina. Kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kila hatua, kuanzia kumiliki hadi kutengeneza, na anayejaza risasi uani kwake bila kibali anatenda kosa. Ninayoeleza hapa basi ni namna ya kuelewa kinachofanyika. Vipimo vya kujaza hutavikuta humu.

Kuna anayedhani siri ya mjazaji ni kuongeza baruti ili risasi iende kwa nguvu na kwa hiyo ilenge vizuri. Hili ni kosa, na ni la hatari. Raifo ya .30-06 inaruhusiwa kubeba shinikizo la hadi baa 4,050, yaani zaidi ya mara elfu nne ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, na shinikizo hilo linatokea sentimita chache kutoka usoni mwa mpigaji. Kuzidisha baruti kunaweza kupasua komeo la bunduki, yaani chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, na shabaha isipate nafuu yoyote. Mara nyingi risasi inayopiga vizuri zaidi kwenye bunduki fulani ni ile iliyo chini ya kiwango cha juu. Anachokitafuta mjazaji ni usawa: risasi ya kwanza na ya hamsini ziwe na ganda lile lile, baruti ile ile, kina kile kile cha kichwa.

Hapa ndipo gobole linapoachwa mbali, na wazee wa Unyamwezi wanaolijua watanielewa haraka. Gobole hujazwa kwa mkono kila linapopigwa, kupitia mdomo wa mtutu, kwa kipimo cha macho. Mtutu wake ni laini ndani, kwa hiyo kinachotoka hakizunguki, na kisichozunguka kinayumba. Mtutu wa raifo umechongwa mifereji inayojizungusha ndani yake. Kwenye .30-06 nyingi mfereji hukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10, na kichwa kikitoka kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde, kinakuwa kinajizungusha zaidi ya mara 3,000 kila sekunde. Kuzunguka huko ndiko kunakokishika kisipinduke hewani.

Fungu ni jambo moja, katikati ni jingine

Turudi kwenye karatasi. Mpigaji akilenga nukta moja bila kuhama na kupiga risasi kadhaa, matundu yatakayotokea hapa tuyaite fungu. Kuna maswali mawili ya kuliuliza fungu, na karibu ubishi wote wa kijiweni unatokana na kuyachanganya. Swali la kwanza: matundu yamekaribiana kiasi gani? La pili: fungu limeangukia wapi ukilinganisha na nukta iliyolengwa?

Chukulia treni ya kutoka Kigoma inayotakiwa kuingia stesheni ya Tabora saa moja asubuhi. Kama kila safari inaingia saa tatu, hiyo ni treni ya kuaminika, ila saa yako ndiyo unayopaswa kuirekebisha: mwambie bodaboda aje saa tatu, na hutamsubirisha mtu. Lakini kama leo imeingia saa kumi na moja alfajiri, kesho saa nne, keshokutwa saa moja kamili, hakuna marekebisho yatakayokusaidia, hata kama wastani wake ukipigwa unaangukia karibu na saa moja. Fungu dogo lililoangukia sentimita 10 kulia ni treni ya kwanza. Unazungusha vitufe vya darubini, fungu linahamia katikati, kazi imekwisha. Huko ndiko kunaitwa kuweka ziro. Fungu lililotawanyika ni treni ya pili, na darubini haina dawa yake. Dawa iko kwenye risasi, kwenye bunduki, au kwa mpigaji.

Kwa hiyo anayepima risasi alizojaza haangalii kwanza kama amepiga katikati. Anaangalia mtawanyiko. Wapo hata wanaohamisha ziro makusudi, matundu yaangukie pembeni ya nukta, ili risasi zisiichane nukta yenyewe wakakosa pa kulengea.

Namna ya kulisoma fungu

Fungu hupimwa kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jingine, kwa matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Kwa kuwa kitovu cha tundu hakionekani, mtu huweka rula kwenye kingo za nje za matundu hayo mawili, anasoma, kisha anaondoa kipenyo cha kichwa kimoja. Kwa .30-06 anaondoa milimita 7.8, kwa .375, bunduki nzito ya kuwindia nyati, anaondoa 9.5. Ukiinama karibu na karatasi utaona kila tundu lina duara jeusi hafifu pembeni, masizi yaliyofutwa na kichwa kilipopita. Pima kwenye duara hilo. Karatasi yenyewe hupasuka na kujirudi, kwa hiyo tundu huonekana dogo kuliko kichwa kilicholitoboa.

Wapenzi wa shabaha hutumia pia kipimo cha pembe. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ya pembe, kwa umbali wa mita 100, ina upana wa sentimita 2.9. Ukisikia mtu anasema bunduki yake "inapiga dakika moja", anadai mafungu yake kwa mita 100 hayazidi sentimita tatu. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakijali umbali: dakika ile ile kwa mita 200 ni sentimita 5.8. Darubini nyingi za kuwindia husogea robo dakika kwa kila mlio wa kitufe, yaani milimita 7 hivi kwa mita 100.

Mpaka hapa kila mtu anakubali. Tatizo linaanza na hesabu.

Bahati inavyojificha ndani ya risasi tatu

Tuseme una bunduki na risasi ambazo, zikipigwa tatu tatu kwa mita 100, hutoa fungu la wastani wa sentimita 3. Usibadilishe kitu chochote. Sanduku lile lile, siku ile ile, mpigaji yule yule. Piga mafungu kumi. Hutapata sentimita 3 mara kumi. Hesabu za nasibu zinasema dogo kabisa litashuka karibu sentimita moja na nusu, na kubwa kabisa litapanda karibu tano. Hilo la sentimita moja na nusu ndilo linalowekewa sarafu na kupigwa picha. Yale mengine tisa yalitupwa jalalani.

Sasa mchukue mjazaji mwenye hamu. Amejaza risasi kwa vipimo kumi vya baruti, kila kipimo risasi tatu, akiongeza kidogo kidogo. Anapiga zote, anaweka karatasi kumi mezani, anaona ya saba ina fungu dogo kuliko zote. Anatangaza kwamba siri ya bunduki yake ameipata: kipimo namba saba. Angeweza kupata matokeo yale yale kama sanduku zima lingekuwa na kipimo kimoja. Akirudia wiki ijayo, namba saba inampa sentimita nne, na sasa lawama zinaangukia fataki, upepo, mwezi. Nimesikia maelezo ya kila aina ya jambo hili, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya "siri" za wajazaji ni bahati iliyovaa koti la fundi.

Pia ukubwa wa fungu unategemea idadi ya risasi. Bunduki yetu ya sentimita 3 kwa risasi tatu itatoa wastani wa sentimita 3.8 kwa risasi tano, na 4.7 kwa risasi kumi. Haijaharibika. Ni kwamba kila risasi inayoongezwa ina nafasi ya kuangukia nje ya zilizotangulia, na haina nafasi ya kulipunguza fungu. Ndiyo maana mtu akikuambia fungu lake ni sentimita mbili bila kutaja idadi ya risasi, bado hajakuambia kitu. Na anayelinganisha fungu lake la tatu na la mwenzake la kumi anamwonea mwenzake.

Basi risasi ngapi zinatosha? Inategemea unauliza nini. Anayetaka kujua mtawanyiko halisi wa risasi fulani hapaswi kuridhika na chini ya kumi, na ishirini ni bora. Hazihitaji kupigwa kwa mkupuo mmoja. Anaweza kupiga tano leo, tano wiki ijayo, kwa nukta ile ile na umbali ule ule, kisha akazipanga karatasi moja juu ya nyingine, nukta juu ya nukta, akazishika mbele ya dirisha. Mwanga unapita kwenye matundu yote, na hapo ndipo mtawanyiko wa kweli unapoonekana, mkubwa kuliko alivyotarajia. Wanaojali zaidi huacha kupima matundu mawili ya mbali na badala yake hupima umbali wa kila tundu kutoka katikati ya fungu, kisha hutafuta wastani. Njia hiyo inalisikiliza kila tundu, wakati ile ya kawaida inasikiliza mawili na kuyanyamazisha yaliyobaki.

Na tofauti ndogo ziachwe. Kubaini kwa uhakika kwamba risasi ya sentimita 3 ni bora kuliko ya sentimita 3.3 kunataka mamia ya risasi. Kwa mwindaji hizo mbili ni sawa, achague ya bei nafuu.

Halafu kuna yule mtoro. Matundu manne yamekaa pamoja, la tano limekimbia peke yake. Mpigaji anasema, "Lile halihesabiki, nilivuta vibaya." Inawezekana. Lakini kanuni ya haki ni moja: useme umevuta vibaya kabla hujatazama karatasi. Ukisubiri kuona tundu lilipo ndipo ukumbuke kwamba mkono ulitikisika, tundu hilo linahesabika.

Kwenye meza ya uwanja

Ili karatasi iseme habari za risasi, mpigaji na meza wanapaswa kunyamaza. Bunduki hukaa juu ya mfuko wa mchanga mbele, chini ya mbao ya kitako cha mbele, si chini ya mtutu. Mtutu ukiegemea kitu kigumu hutikisika tofauti na kupeleka risasi kwingine. Mfuko mwingine mdogo hukaa nyuma chini ya kitako, na mkono wa kushoto unaubana au kuulegeza mfuko huo kuinua na kushusha shabaha. Bega linagusa kitako kwa namna moja kila mara, shavu linakaa mahali pamoja kila mara.

Joto la mtutu ni adui anayedharauliwa. Risasi chache zikifuatana mtutu unapata moto, hewa juu yake inaanza kucheza mbele ya darubini, na nukta inaonekana kama inaogelea. Bunduki ya kuwindia ina mtutu mwembamba, inataka mapumziko. Tabora mwezi Oktoba, kabla mvua hazijashuka, jua la saa sita peke yake linatosha kuuchosha. Wanaojua hupiga asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala. Upepo wa pembeni wa mita nne na nusu kwa sekunde, ambao kwa mtu aliyesimama ni wa kupepea nguo tu, unaisogeza risasi ya .30-06 karibu sentimita 2 kwa mita 100, na zaidi ya 15 kwa mita 300. Mtu anaweza kuilaumu baruti kumbe ni upepo.

Mtutu uliotoka kusafishwa, wenye mafuta, mara nyingi hupeleka risasi ya kwanza mahali pake peke yake. Risasi hiyo wengi huipiga nje ya karatasi ya kipimo. Mwindaji aitazame vizuri zaidi kuliko zote, maana porini hapewi risasi za kuzoesha mtutu.

Na kuna mpigaji mwenyewe. Bunduki za nyati kama .375 zina teke, na mwili hujifunza kulikimbia: jicho linafumba, bega linasukuma, mkono unapiga triga badala ya kuibana. Dawa ya kumbaini ni rahisi. Mwenzake anamwekea bunduki, mara nyingine ikiwa na risasi, mara nyingine tupu, bila kumwambia. Ikiwa tupu na mtutu ukainama wenyewe, tatizo limepatikana, na baruti haina hatia. Kumpa mtu wa namna hiyo risasi iliyopimwa kwa sehemu ya kumi ya greni ni kupoteza baruti.

Usalama nautaja kwa sababu risasi za kujaza zina hatari zake mahususi. Miwani na vizibo vya masikio havina mjadala. Ukivuta triga ikasikika "klik" tu, usifungue komeo. Acha mtutu ukielekea shabaha kwa nusu dakika au zaidi, kwa kuwa fataki inaweza kuchelewa kuwasha. Ukisikia mlio hafifu usio na teke, simama kabisa. Huenda baruti haikuwekwa, na fataki peke yake imekisukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Toa risasi zote, toa komeo, tazama mtutu kutoka nyuma uone mwanga upande wa pili. Risasi ya pili ikipigwa nyuma ya kichwa kilichokwama, mtutu hupasuka.

Kipima mwendo na mambo yake

Siku hizi wapimaji wengi wana kronografu, chombo kinachosoma kasi ya kichwa kikitoka mtutuni. Nacho kimezaa imani yake: kwamba kasi zikifanana, matundu lazima yakaribiane. Hesabu ya haraka inaonyesha ukweli uko wapi. Kichwa cha mita 800 kwa sekunde kikipungukiwa au kuzidiwa mita 16, yaani asilimia 2, kwa mita 100 tofauti ya kushuka ni milimita 3 hivi, unene wa alama ya kalamu nene. Kwa mita 300 tofauti hiyo inafika sentimita tatu na nusu, na inaendelea kukua kwa kasi mbele ya hapo. Kwa hiyo anayepiga mbali sana ana sababu ya kuhangaika na usawa wa kasi. Anayewinda kwenye miombo, ambako miti yenyewe hairuhusu kuona mbali, hana.

Kasi hubadilika pia kwa joto. Baruti nyingi huungua kwa nguvu zaidi zikiwa na joto, nyingine kidogo, nyingine sana. Mtu aliyejaza risasi zake katika baridi ya kwao na kuzifikisha kwenye kiwango cha juu kabisa, akiziacha juu ya dashibodi ya gari mwezi Oktoba huku kwetu, anaweza kukuta komeo halifunguki baada ya kupiga. Hiyo ni dalili ya shinikizo lililozidi, na risasi zilizobaki zisipigwe. Mwinuko wa Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, unaifanya hewa iwe nyepesi kidogo na kichwa kisizuiliwe sana kinapopita, lakini kwa mita 100 hilo halionekani kwenye karatasi.

Nimalizie imani moja ya zamani: kwamba risasi hutoka ikinyooka, au hata ikipanda, kabla ya kuanza kushuka. Kichwa huanza kuanguka papo hapo kinapouacha mtutu. Kinachoonekana kama kupanda ni mtutu wenyewe kuinuliwa kidogo sana kuelekea juu ya mstari wa jicho, ili kichwa kiukute mstari huo kwenye umbali uliochaguliwa.

Kwa hiyo mgeni wa kambini anafanya nini?

Hapimi risasi. Hiyo aliifanya kwao. Kikomo cha kawaida cha mashirika ya ndege ni kilo 5 za risasi kwa abiria, na kwa bunduki nzito kama .375 hizo ni risasi mia moja hivi kwa safari nzima. Hana za kuchezea. Anachofanya kambini ni kuhakiki ziro: je, darubini iligongwa mizigo iliporushwa kwenye ndege mbili na gari moja lililopita barabara ya vumbi? Swali hilo ni tofauti na ndiyo maana risasi tatu zinatosha kulijibu. Darubini iliyogongwa vibaya haihami milimita tano tu. Mara nyingi inahama sentimita kumi, ishirini, na hilo huonekana hata kwa matundu matatu.

Kosa hutokea akianza kurekebisha kisichohitaji marekebisho. Kwa bunduki yetu ya sentimita 3, katikati ya fungu la risasi tatu hutangatanga kama milimita 7 upande wowote kwa bahati tu. Hiyo ni sawa na mlio mzima wa kitufe. Anayezungusha vitufe kila baada ya risasi moja anaifukuza bahati, na baada ya risasi kumi na tano atakuwa amerudi pale alipoanza. Hizo ndizo zile anazosimuliwa nazo kijiweni. Kijana aliyeona hivyo na kusema mgeni kamaliza risasi bure hakukosea kabisa.

Na mnyama anakoswaje? Eneo la moyo na mapafu ya pofu au nyati ni pana, upana wa kiganja kilichofunguliwa na zaidi, kwa hiyo bunduki ya sentimita 5 kwa mita 100 inatosha na kubakiza. Lakini porini hakuna meza. Mwindaji anasimama, anaegemeza bunduki kwenye mikingamo ya vijiti vitatu, ametembea tangu alfajiri, moyo unadunda. Mpigaji yule yule wa sentimita 3 mezani, akisimama na vijiti, anaweza kutoa fungu mara tano ya hilo. Hilo ndilo fungu lake la uwindaji, na wachache huwa wanalipiga picha. Mwindaji mwongozaji mwenye busara, mgeni akimaliza meza, humwambia: "Sasa simama, bwana, nionyeshe na vijiti."

Kinachobaki ni kumbukumbu. Kila sanduku la risasi za kujaza linapaswa kuwa na karatasi inayosema aina ya kichwa na uzito wake, aina na kiasi cha baruti, aina ya fataki, tarehe, na bunduki ipi zimejaziwa, kwa sababu kipimo salama kwenye bunduki moja kinaweza kuzidi kwenye nyingine ya jina lile lile. Risasi za mtu mwingine hazipigwi, hata awe rafiki. Na sanduku lililopoteza karatasi yake halikisiwi kwa kutikisa na kusikiliza: vichwa hung'olewa kimoja kimoja, baruti huharibiwa, na maganda huanza upya.